Kahawa Ikishachumwa Haiongezwi Utamu

Wengine mliukosa mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa Jumamosi iliyopita kwa sababu ya msiba, wengine kwa sababu ya mvua. Mmeniomba niandike niliyoyasema, nami nimeyaandika kadiri ninavyoyakumbuka, pamoja na waliponikatiza. Picha nilizokuwa nazionyesha ukutani nimeziacha. Umeme wenyewe ulikatika katikati, kwa hiyo hata waliokuwepo hawakuziona zote.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, Baba Paroko uliyetupatia ukumbi, wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shimbonyi! Vijana mliobanana pale mlangoni, ingieni, viti vya mbele viko wazi. Huku mbele hakuna anayeuma.

Kabla sijasema lolote, kuna chupa tatu za chai zinazunguka. Ndani ni kahawa. Moja imefungwa uzi mwekundu, moja uzi mweupe, moja uzi mweusi. Mimina kidogo kutoka kila chupa, onja, mpe jirani. Sukari hakuna. Najua, najua, nimeisikia hiyo miguno. Nivumilieni leo tu. Kila mtu akumbuke uzi alioupenda, maana kabla ya chakula tutapiga kura.

Wakati zinazunguka, niwaulize. Nani hapa leo asubuhi amekunywa kahawa ya shambani kwake mwenyewe? Nyoosha mkono juu nikuone. Mmoja. Wawili. Wa tatu ni mwenyekiti, na huyo nadhani amenyoosha kwa sababu ya cheo. Ukumbi umejaa watu zaidi ya mia, wote wana mibuni nyuma ya nyumba, na sisi wengine wote tumeamka tukanywa chai ya majani iliyotoka Mufindi. Mama anayeuza maziwa anayajua maziwa yake. Anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi, haitoi nje kabla hajaionja. Sisi tunabeba gunia mgongoni, tunapewa risiti, halafu tunakaa kusubiri mtu mwingine atuambie tumeuza kitu gani. Hivi tungekubali kuuza ng'ombe namna hiyo?

Kazi yangu mimi ni kuonja. Miaka ishirini na kitu nimesimama mezani na kijiko, vikombe vitano kwa kila sampuli, nikivuta kahawa kwa kelele kama mtoto mwenye uji wa moto. Wanangu walikuwa wananicheka. Tunatoa alama kati ya mia, na kahawa inayofika 80 ndiyo huingia kwenye kundi la kahawa maalumu, ile inayotafutwa kwa bei nyingine. Na kila nikipanda huku juu swali ninaloulizwa ni lilelile: "Mama, mimi na jirani yangu tumepanda mbegu moja, tumepakana masale tu. Kwa nini yake isifiwe na yangu irudishwe?"

Jibu lina mambo matatu. Mbegu, mahali, na mkono. Msidhani yana uzito sawa. Nitawaambia lipi linatumaliza sisi wa mlima huu wa Kilimanjaro, lakini lazima niyapitie yote, vinginevyo mtasema nawaonea.

Tuanze na mbegu, kwa sababu ndiyo kila mtu hupenda kuisingizia.

Arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ni mtoto wa mibuni ya aina mbili iliyokutana zamani sana, mmoja wao akiwa Robusta, ile ya ndugu zetu wa Bukoba. Arabika inajichavusha yenyewe, kwa hiyo watoto hufanana na mama yao. Ndiyo maana mapadre walipoleta mbegu chache pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, upande huu wa mlima ukavaa kahawa ya ukoo mmoja: Bourbon, yenye jina la zamani la kisiwa cha Wafaransa katika Bahari ya Hindi ambacho leo kinaitwa Réunion. Utamu ulikuwemo. Udhaifu nao ulikuwemo, kwani ukoo mmoja ukiugua, wote wanaugua. Wazee wangu mnaikumbuka kutu ya majani. Mnaikumbuka chulebuni, buni zikioza zingali mtini. Mnaukumbuka mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia? Baba alikuwa akirudi shambani wa bluu mpaka kope.

Pale Lyamungu kituo cha utafiti wa kahawa kilianza mwaka 1934. Wakachagua miti bora, na humo ndimo zilimotoka N39, ya ukoo wa Bourbon, na KP423, ya ukoo wa Kent uliotoka India. Mimi N39 bado naipenda. Nikiionja macho yamefungwa naijua. Lakini kinga haina, na dawa zilipopanda bei miaka ya 1990 watu wakaichoka, wengine wakaing'oa wakapanda nyanya. Mwanzoni mwa karne hii TaCRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, walewale wa Lyamungu, wakaanza kutoa chotara wanaostahimili yale magonjwa mawili. Sehemu ya kinga hiyo chimbuko lake ni mbali, kisiwa cha Timor, ambako Arabika na Robusta zilizaana zenyewe shambani bila kuamriwa na mtu.

Sasa sikilizeni kisa cha jirani yangu mmoja, simtaji, ingawa nikitaja uji wake wa ndizi mtamjua. Alipata miche kumi ya vikonyo vya chotara hao. Ikazaa vizuri, majani kijani, hakuna kutu. Mzee akajisemea, mbona nitoe hela tena? Akaokota buni zilizodondoka chini ya miti ile, akaotesha miche mia mbili, akawagawia na wakwe. Miaka mitatu baadaye akaja kwangu mkali kama pilipili: "Nimetapeliwa!" Nikaenda kuona. Mmoja mrefu kama mgrivilea, wa pili mfupi, wa tatu umejaa kutu, wa nne unazaa kahawa tano.

Nani alimtapeli? Hakuna. Kikonyo ni kipande cha mti uleule, kwa hiyo unapanda mti unaoujua. Mbegu ya chotara ni watoto wa ndoa ya mseto, kila mmoja anarithi kwa babu anayemtaka yeye. Kwa N39 ya zamani, mbegu ya kuokota ilikusamehe. Kwa chotara haikusamehi. Nendeni kwenye bustani mama, chukueni vikonyo.

Hapo kijana mmoja alinikatiza, na kwa kuwa kila mtu alicheka, naandika. Akasema, "Mama, mbona kule Canada bangi nayo wanaipanda kwa vikonyo? Na watu wanalipia CBD!" Mzee mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akamwangalia, akasema, "CBD? Sisi hapa tumeipulizia dawa miaka yote iondoke, wao wanainunua?"

Kwa wasioelewa: kwetu wakulima wa kahawa CBD ni chulebuni. Kwa wale wa Canada ni dutu mojawapo iliyo ndani ya bangi, isiyolevya kama ile nyingine. Nilimjibu kijana hivi. Ni kweli, Canada waliihalalisha mwaka 2018, na wakulima wao wanabishana mambo haya haya yetu: wanakata vikonyo kwa mti mama mmoja, wakivipanda kwenye nyumba mbili zenye mwanga na joto tofauti vinatoa mavuno tofauti, na aliyekausha kwa pupa anaharibu kile ambacho mti ulikitengeneza. Mti ni mti. Lakini huku kwetu sheria ya mwaka 2015 haina utani na mmea huo, na mimi sikuja kumtafutia mtu kesi. Turudi kwenye mibuni.

Nina kisa kimoja cha mbegu ambacho kinaniuma, nacho nitakisema taratibu.

Miaka ya 1930 zilikusanywa mbegu katika misitu ya kahawa ya Ethiopia, upande wa mahali panapoitwa Gesha. Zikaja Afrika Mashariki, na safari yake ikapita wapi? Lyamungu. Lyamungu hii hii, ukipanda bodaboda sasa hivi utafika kabla wali haujaiva. Kutoka Lyamungu zikapelekwa Costa Rica mwaka 1953, na miaka ya 1960 zikafika Panama, kwa sababu zilionekana zinaivumilia kutu. Wakulima wa Panama hawakuzipenda. Matawi yake ni mepesi kuvunjika, mavuno machache. Zikakaa pembezoni mwa mashamba kama mtoto wa kambo.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000, familia ya Peterson wa shamba la Hacienda La Esmeralda, kule Boquete, wakafanya jambo moja dogo. Wakaacha kuchanganya. Kahawa ya kila kipande cha shamba wakaionja peke yake. Kile kipande cha juu, kwenye baridi, kikatoa kitu ambacho hawajawahi kukutana nacho: harufu ya maua, ladha kama ya chungwa. Wakaipeleka kwenye mashindano ya nchi yao, ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 20 kwa ratili. Ilikuwa rekodi. Mwaka 2019 kahawa ya mbegu hiyohiyo, ambayo sokoni huitwa Geisha, ya shamba jingine la hukohuko Panama ikauzwa dola 1,029 kwa ratili moja. Ratili, siyo gunia. Ratili haifiki hata nusu kilo.

Wazee wangu, mbegu ile ilipita mlangoni kwetu. Siwalaumu watafiti wa enzi hizo. Walitumwa kutafuta mavuno na kinga, hakuna aliyewatuma kutafuta harufu ya maua. Ninachotaka mkione ni kwamba hata Panama mbegu ile ilikaa miaka arobaini bila faida kubwa, mpaka mtu alipoitenga na kuionja. Kisa hicho kiwekeni mfukoni, nitakidai baadaye.

Mahali sitapazungumzia kwa muda mrefu, kwa sababu Mungu alitupendelea na wote tunajua. Udongo wa volkano, mvua za masika na vuli, mifongo ya mababu inayoshusha maji kutoka msituni. Arabika inapenda wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Huku juu buni inakawia, inakaa mtini miezi minane, tisa, na kule kukawia ndiko kunakoijaza punje na kuifanya ngumu. Kule chini joto linaiharakisha kama mtihani wa mtu aliyechelewa kuingia chumbani.

Nina wifi zangu wawili, ndugu wa tumbo moja. Mmoja ameolewa juu Uru, karibu na msitu, mwingine chini, unakaribia mjini. Walichukua vikonyo wiki moja, bustani moja. Mavuno ya kwanza nikayakaanga mwenyewe. Ya juu ilikuwa chachu ile nzuri, ya limao lililoiva, inabaki mdomoni. Ya chini ilikuwa kama mkate wa jana. Mwenye shamba la chini alinuna, akasema, "Kwa hiyo mimi nifanyeje, nihamishe mlima?" Nikamwambia panda kivuli. Akarudisha migomba, akaongeza mifuruanje, akatandaza majani makavu chini ya mibuni. Haikufika kule kwa dada yake, nisiwadanganye. Lakini ule mkate wa jana ulikwisha.

Na hapa nina kinyongo kidogo. Baba yangu alifundishwa kwamba kahawa ya kisasa husimama peke yake, mgomba ni uchafu. Akaikata. Kihamba cha babu kilichokuwa na ndizi, kahawa na miti ya kivuli vikishikana mikono kikawa kama uwanja wa mpira. Leo wageni wanakuja kupiga picha vihamba vilivyosalia na kuvisifia. Sisi tulikuwa nacho, tukaambiwa tukione haya.

Wazee, Julai hii mmejifunika mablanketi mangapi? Mimi nikiwa msichana tulilala na mawili na bado tulijikunja. Sasa moja linatosha, na siku nyingine linatupwa pembeni. Si uzee huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku likiongezeka kwa nyuzi moja, hekta inapoteza kilo 137 hivi za mavuno kwa mwaka. Joto la usiku, siyo la mchana. Mbuni usiku unapumua, na unapopumua unakula ile sukari uliyoitengeneza mchana. Usiku wa joto, mti unakula sana. Kwa hiyo miti ya kivuli siyo urembo.

Haya. Sasa tufike kwenye mkono, na hapa msiniwekee saa.

Mbegu inakupa kiwango cha juu ambacho kahawa yako ingeweza kufika. Mahali panakusogeza karibu na kiwango hicho, au panakuweka mbali. Mkono wa mwaka mzima, wa kupogoa na kukata maotea, wa samadi, wa kumtoa mdudu bungua kwenye shina kwa waya, unaulisha mti ili ufanye kazi yake. Lakini dakika ile buni inapochomoka kwenye tawi na kuingia kwenye ndoo, kuongezeka kwa utamu kumekwisha. Kumekwisha! Kuanzia hapo kila unachofanya ama kinaulinda ama kinaupunguza. Hakuna mashine, hakuna dawa, hakuna sala ya kuurudisha. Samahani Baba Paroko.

Na ni hapa, baina ya tawi na gunia, ndipo sisi tunapopotea.

Tunachuma zote pamoja, nyekundu, njano, kijani, kwa sababu vibarua wanalipwa kwa debe na debe halina macho. Ya kijani ikiingia kwenye kikombe inaleta ladha ya majani mabichi, inakwaruza ulimi. Kumbukeni inahitaji kilo tano mpaka sita za buni kupata kilo moja ya kahawa safi. Ukichuma kijani unachukua punje ambazo hazijajaa, nyepesi, unajiibia hata uzito. Chuma nyekundu, rudi baada ya siku kumi, chuma nyekundu. Halafu mimina kwenye ndoo ya maji kabla ya kumenya. Zinazoelea, zile alizonyonya mdudu kimatira na zile tupu, zitenge. Ndoo ya maji ni bei gani?

Menya siku ileile. Mashine ya mkono ikiwa na visu vilivyolegea inapasua punje, nami nikiona punje iliyopasuka naijua mashine ya nani bila kutajiwa.

Kisha kuvundika, yaani kuziacha punje zilizomenywa mpaka ute wake uachie. Akina mama, hapa nawaomba mnisaidie, kwa sababu wanaume wengi hapa wanadhani kuvundika ni kuacha kwenye ndoo mpaka ukumbuke. Mwulizeni anayepika mbege. Ndizi zilezile za mraru, ulezi uleule, msesewe uleule, wapishi wawili: mmoja mbege yake inagombaniwa sokoni, mwingine anaimwaga. Tofauti ni nini? Yule wa kwanza anaigusa, anainusa, anajua leo kuna baridi hivyo ingoje, jana kulikuwa na joto hivyo iliwahi. Kahawa ni hivyo hivyo. Ukiuliza masaa mangapi, sikujibu. Kule Uru juu inaweza kupita siku mbili na zaidi, kule chini siku moja ikaitosha. Ingiza mkono, sugua punje. Zikiwa bado zinateleza kama bamia, ute upo. Zikikwaruzana kama changarawe ya mtoni, osha sasa hivi, hata kama ni saa tano usiku na taarifa ya habari imekwisha. Zikivunda kupita kiasi, punje chache tu zinaharibu gunia zima, na mwonjaji akikutana nayo anatema.

Kausha juu ya meza ya wavu, usitandaze chini ambako kuku na mbuzi wana njia yao. Geuza mara nyingi. Saa sita jua likiwaka funika, ganda lisipasuke. Jioni funika, umande usiingie. Wiki mbili hivi, mpaka unyevu ufike karibu asilimia 11. Chama kina kipimo. Kipimo kile kiko kabatini, kimefungwa na kufuli, na ufunguo anao mtu ambaye leo hayupo. Nimesema.

Na hata ikikauka bado haijafika salama. Mwaka mmoja baba alifanya kila kitu sawasawa. Alichuma nyekundu, akaosha, akakausha mpaka kahawa inalia kama kokoto. Akaificha chini ya kitanda, maana mwaka ule kulikuwa na wezi. Chini ya kitanda kilekile mama aliweka dumu la mafuta ya taa ya kibatari. Dumu halikuvuja. Harufu tu. Mnunuzi akaingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akasema peleka nyumbani. Sikuwahi kumwona baba akikaa kimya namna ile. Mbegu N39. Mahali, Kibosho juu. Mkono, miezi tisa ya kazi. Na dumu la lita tano.

(Hapa ndipo umeme ulipokatika. Tukafungua madirisha tukaendelea.)

Sasa nisemapo mkono, nasema mkono wa nani? Tuulizane kwa adabu lakini tuulizane. Kwa mila yetu kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Sawa. Nani anachuma? Nani anabeba maji ya kuoshea? Nani anageuza mezani kila saa, mtoto akiwa mgongoni? Halafu semina ikija, nani anaitwa? Risiti ina jina la nani? Hela zikitoka nani anajua ni kiasi gani? Mzee mmoja alisema, "Mama, umekuja kufundisha kahawa au kuvunja nyumba?" Nikamjibu, baba yangu, nimekuja kufundisha kahawa. Na kahawa inaniambia mezani kwamba mtu aliyeifanya hakuona sababu ya kuamka saa tano usiku kuiosha. Mtu asiyeijua bei ya nyekundu ataichumaje nyekundu? Sijasema mgawane kwa mizani. Nimesema anayeshika kazi ashike na habari za kazi.

Naona kimya. Kimya kizuri.

Kile kisa cha Panama nakidai sasa. Wale watu hawakuwa na uchawi. Waliacha kuchanganya. Sisi kwenye chama mwanamke aliyechagua punje mpaka macho yakamuuma analeta kilo zake ishirini, na aliyezoa chini ya miti analeta za kwake, zinamiminwa kwenye lundo moja, zinalipwa bei moja. Mwakani yule wa kwanza atafanya nini? Atachoka, na ana haki ya kuchoka. Ombi langu kwa bodi, na liingie kwenye kumbukumbu za mkutano: msimu huu tenga meza mbili tu, mbili, za kukaushia kahawa ya nyekundu tupu. Andika jina, andika kitongoji. Nitazionja bure. Zikifikia alama ziuzwe peke yake, na nyongeza ya bei iende kwa wenye majina. Zisipofikia, tutakaa hapa tena na kuulizana tulikosea wapi. Hiyo ni hasara ya meza mbili.

Na msinidanganye kwa herufi. Najua mtu akisikia AA anavimba. AA ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche la matundu makubwa. PB ni buni iliyobeba punje moja badala ya mbili. Chekeche halina ulimi. Nimekunywa AA iliyonishinda kumeza.

Basi, kura. Mlioipenda ya uzi mwekundu, mikono juu. Asanteni... kumi na sita. Uzi mweupe? Hawa wengi kidogo. Uzi mweusi? Haya! Karibu nusu ya ukumbi, na mstari wote wa wazee.

Zote tatu ni kahawa yangu. Mistari minne ya N39 nyuma ya zizi, wiki moja, miti ileile. Ya uzi mwekundu ilichumwa nyekundu tupu na kumenywa jioni yake. Mimi na wenzangu wawili tuliipa alama 84. Ya uzi mweupe nilimwacha kibarua achume anavyotaka, tukaipa 78. Ya uzi mweusi sikukusudia kuiharibu. Nilikuwa nimechuma vizuri, halafu tukapigiwa simu shangazi amefariki. Tukaondoka, buni zikalala kwenye gunia siku mbili, zikachemka zenyewe kwa joto lake. Tuliporudi zilikuwa zinanukia pombe. Hiyo hatukuipa hata alama, tuliandika tu kasoro yake.

Mzee wangu wa mstari wa mbele anatikisa kichwa, anasema hiyo ya uzi mweusi ndiyo kahawa, ina kitu kama mbege. Ndicho hasa ilicho nacho, meku! Umeonja sawasawa kuliko wote humu ndani. Chupa ya uzi mwekundu ina vikombe kama ishirini bado, nimeiweka pale dirishani. Wali umeshapakuliwa, nendeni mle. Nawe mzee ukishakula pitia dirishani, uionje tena na mdomo ulioshiba, nitakuwa nimekaa palepale.